Jinsi ya kutambua visasili kwenye vyombo vya udongo vya Wagiriki wa kale

Kabla ya kuuliza ni kisa gani, angalia rangi ya watu. Wakiwa weusi juu ya udongo mwekundu, na mikunjo ya nguo imekwaruzwa kwa ncha kali, huo ni mtindo wa taswira nyeusi, uliotamba Athens katika karne ya 6 KK. Wakiwa wekundu na nyuma yao pamejaa weusi, ni taswira nyekundu, iliyoanza Athens karibu mwaka 525 KK.

Kwenye taswira nyeusi, wanawake walipakwa rangi nyeupe usoni, mikononi na miguuni. Nyeupe hiyo hubanduka, na mungu wa kike Athena aliyebaki mweusi hudhaniwa kuwa askari mwanamume. Tazama jicho: la mwanamume kwa kawaida ni duara, la mwanamke limechongoka pembeni. Kisha tafuta chembe za weupe zilizonasa ndani ya mikwaruzo.

Sasa orodhesha kila anachoshika au kuvaa kila mtu. Mkuki wa ncha tatu ni wa Poseidon, mungu wa bahari. Kofia ya msafiri, viatu vyenye mabawa na fimbo ya mjumbe ni vya Hermes, mjumbe wa miungu. Athena ana chapeo, mkuki na vazi lenye nyoka ukingoni. Dionysos, mungu wa mvinyo, ana taji la majani na chombo cha mvinyo. Usiridhike na alama moja, kwani viatu vyenye mabawa anavyo shujaa Perseus pia. Huyo mtambue kwa mfuko begani na uso anaougeuza asimtazame Medusa, zimwi ambaye anayemtazama hugeuka jiwe.

Shujaa Herakles ndiye anayewakosesha wengi. Alama zake ni rungu, upinde na ngozi ya simba, lakini anapopigana na simba wa Nemea mara nyingi hana ngozi hiyo, na ni haki, kwa sababu simba mwenyewe mwenye ngozi bado yu hai! Tafuta basi nguo na podo vilivyotundikwa juu ya pambano, na Athena akisimama kando. Penye fahali pana ugumu zaidi, maana kama Herakles, shujaa Theseus naye alimkamata fahali, wa Marathon. Kijana asiye na ndevu, mwenye upanga na kofia ya msafiri, huelekea kuwa Theseus. Fahali akiwa na mwili wa binadamu, shaka imekwisha: ni Minotaur, aliyeuawa na Theseus.

Maandishi yasome mwisho, na uyasome pande zote mbili, maana mengine yanakwenda kutoka kulia. Jina mara nyingi huandikwa karibu na kichwa cha mwenyewe. Neno KALOS husifu uzuri wa kijana fulani wa mjini na mara nyingi halihusiani na kisa. EGRAPSEN humtaja mchoraji, EPOIESEN mfinyanzi. Kwenye amfora (mtungi wa mikono miwili) ya mchoraji Exekias iliyoko Vatican, mashujaa wawili wameinamia ubao wa mchezo, mikuki mkononi. Majina yanasema ni Achilles na Ajax, wapiganaji wa Kigiriki wa Vita vya Troy, na kutoka vinywani mwao zinatoka namba: nne kwa Achilles, tatu kwa Ajax. Hakuna shairi lililosalia linalosimulia mchezo huo, hivyo asingekuwapo mwandishi wa majina, tungebaki na askari wawili wanaocheza.

Mchoro usio na jina wala alama uache hivyo hivyo: askari anayeagana na wazazi si lazima awe Hektor, shujaa wa Troy. Upande wa pili wa chombo nao usiulazimishe kuendeleza kisa. Kwenye kratera (vyombo vya kuchanganyia mvinyo na maji) nyingi za karne ya 5 KK, nyuma kuna vijana watatu waliojitanda mashuka tu.

Mwisho, fuata nyufa kwa kioo cha kukuzia. Mikwaruzo ikikoma ghafla kwenye ufa, au weusi ukabadilika mng'ao, huenda kipande hicho kimejazwa na mkarabati. Rungu lililoko hapo usilihesabu.