Somo: Kukadiria joto la kiini wakati epoksi inaiva

Themokapo (waya mbili za kupimia joto) iliyobandikwa kwenye kalibu inasoma joto la kalibu tu. Epoksi (gundi inayogandisha nyuzi za kaboni ziwe kipande kigumu) ikiiva hutoa joto lake yenyewe, na kipande kinene hulifungia ndani: kalibu inaweza kuonyesha 80°C huku kiini kimeshapita 120°C. Kwa hiyo hita iongozwe na kadirio la kiini.

Vifaa: Arduino (kompyuta ndogo ya kuongoza hita), MAX6675 mbili (chipu za kusomea themokapo), themokapo mbili za aina ya K, tepu ya Kapton (haipitishi umeme, inavumilia joto).

1. Zijaribu themokapo kwenye barafu inayoyeyuka (0°C), halafu kwenye maji yanayochemka. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, kwa hiyo maji huchemka kwenye 96°C hivi. Ukizilazimisha zisome 100, umeingiza kosa la digrii 4.

2. Moja (U) ibandike kwenye kalibu. Nyingine (P) iingie katikati ya unene, upande utakaokatwa baadaye. Ifunge ncha kwa Kapton. Nyuzi za kaboni hupitisha umeme. Ncha tupu ikizigusa, usomaji unarukaruka. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

3. Chukua kipande kilichokwisha kuiva, chenye unene uleule. Pandisha kalibu haraka kutoka 25 hadi 60°C, uhesabu sekunde mpaka kiini kifike 47°C (asilimia 63 ya njia). Zikiwa 200, a (kasi ya kiini kuifuata kalibu) = 1 ÷ 200 = 0.005.

4. C ni kadirio la joto la kiini; U na P ni usomaji wa themokapo zile mbili. Anza na C = P, r = 0. Kila sekunde:

kosa = P − C
C = C + a×(U − C) + r + 0.1×kosa
r = r + 0.001×kosa

r ni joto la epoksi yenyewe, digrii kwa sekunde.

5. Tazama dakika moja mbele: C + 60×(a×(U − C) + r). Ikivuka kikomo cha mtengenezaji wa epoksi, zima hita. Usingoje C yenyewe ifike.

Maswali

— Yaya, aksanti. Nawasha hita, namba inashuka!
— Waya zimegeuzwa. Weka sumaku: waya unaovutwa ni hasi. Usitegemee rangi, kila nchi ina zake.

— Naweza kusoma mara kumi kwa sekunde?
— Hapana, dada. MAX6675 inahitaji sekunde 0.22 kupima, ukiiharakisha inarudisha namba ileile ya zamani.

— Umeme ukikatika?
— Arduino iwe na betri. Hita itazimika, lakini epoksi itaendelea kujipasha. Programu ikianza upya r ni sifuri, kwa hiyo iache hita imezimwa dakika 5 mpaka r itulie.