Unataka msichana wako afike Malkia Strikers, timu ya taifa ya voliboli ya wanawake ya Kenya? Anzia ukutani

Huku kiwanjani kwetu Jericho, Nairobi, hakuna wiki inaisha kabla msichana mmoja hajaniuliza, kochi nifanye nini ndio nicheze kama Sharon Chepchumba, mshambuliaji wa Malkia, na mi huwajibu vile vile kila mara, nionyeshe mikono yako kwanza. Wote wanataka smashi, ule mpira wa kupigwa kwa nguvu juu ya neti, kwa sababu smashi ndio watu hupigia makofi. Lakini hakuna smashi kama mpira wa kwanza haujapokewa vizuri, na hapo ndio wengi wanaachwa nyuma hata kabla ya kumaliza shule.

Kwa hivyo tafuta ukuta. Chukua futi, pima mita 2.24 kutoka chini, chora mstari wa chaki, huo ndio urefu wa neti ya wanawake. Simama hatua tatu ama nne nyuma, tupa mpira juu ya mstari, ukirudi upokee na mikono imenyooka, vidole gumba vikae pamoja vikiangalia chini, mpira ugonge juu kidogo ya kifundo cha mkono, sio kwa ngumi, na nguvu itoke kwa magoti, mikono usiirushe. Mia moja kila siku. Wiki ya kwanza mikono itachoma na kuwa nyekundu na mama ataniuliza unamfanyia nini mtoto wangu, wiki ya tatu ngozi imezoea na mpira unaanza kurudi pale pale unapotaka. Na tafadhali, mpira ukilowa maji uache ukauke. Mpira wa kweli ni gramu 260 hadi 280, ule wa shule umenyeshewa unakuwa jiwe, na bega la mtoto wa miaka kumi na tatu haliwezi jiwe.

Halafu urefu. Mzazi asikudanganye ati mtoto ni mfupi amwache. Mchezaji anayeitwa libero ako kwa sheria za mchezo tangu 1998, kazi yake ni kupokea na kuokoa mipira, hapigi smashi juu ya neti, hazuii. Na kuna seta, anayemwinulia mshambuliaji mpira kwa vidole, ambaye kwangu ndio mtu muhimu kabisa uwanjani. Nenda uangalie video za maseta wetu, za Jane Wacu, ama za marehemu Janet Wanja aliyetuacha Desemba 2024, uone vidole. Niko na msichana mmoja wa gredi ya saba hapa, mdogo, mkimya, siku moja nilikuwa nimewapa mgongo nikifunga neti nikasikia mipira ya wenzake ikilia pa, pa, pa, halafu kimya, nikageuka nikidhani wameacha mazoezi. Alikuwa ni yeye anaseti. Mpira ukiguswa na vidole vizuri hausikiki, hiyo ndio njia rahisi ya kujipima hata ukiwa peke yako, funga macho usikilize.

Shule ndio hatua ya pili, na hapa usikimbilie jina tu. Kwanthanze ya Machakos na Cheptil ya Nandi zimelea wachezaji wengi sana, na hapa Nairobi kuna Soweto Academy. Voliboli ya shule huchezwa muhula wa pili, na makochi wa klabu huwa wanakuja kutazama, haswa ikifika mashindano ya kitaifa na ya Afrika Mashariki. Kabla hujampeleka uliza maswali ya mama: karo inalipwa na nani, akiumia nani anampeleka hospitali, na je, wakitoka kwa mechi wanafundishwa masomo waliyokosa? Kochi akikasirika juu umeuliza hivyo, ondoka na mtoto wako.

Masomo nayasisitiza juu ya kitu ambacho watu wengi hawajui. Kwa nchi yetu klabu kubwa za wanawake ni za waajiri. KCB ni benki, Pipeline ni kampuni ya mafuta, kuna Magereza, kuna DCI ya wapelelezi wa polisi, kuna Jeshi. Ukichukuliwa vizuri sio mchezo tu, ni kazi, na kazi inataka makaratasi. Cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, kitaangaliwa, kitambulisho kitaangaliwa, na ukiajiriwa Magereza kama askari kuna mafunzo ya askari kule Ruiru kama wengine wote. Msichana anaweza kuruka mpaka dari lakini bila cheti atachezea klabu kwa pesa ya nauli miaka mitano huku mwenzake ako na mshahara na bima.

Hili nimelipitia. Klabu moja iliniahidi kazi kwa mdomo, nikacheza msimu mzima bila kusaini chochote, msimu wa pili nikatua kwa mguu mmoja goti likageuka na kano ikakatika, nikaambiwa tutakupigia simu. Hawakupiga. Matibabu yalilipwa na mamangu kutoka kwa meza yake ya mitumba Gikomba. Sasa wasichana wangu wote natua nao kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, kila mazoezi dakika kumi kabla hatujagusa mpira, na yeyote akiitwa na klabu naenda naye na tunasoma kila ukurasa, mshahara ni ngapi, bima inaanza lini, akiumia analipwa miezi mingapi.

Kwenda kucheza nje pia kunawezekana, Mercy Moim alienda, Chepchumba akaenda Ugiriki. Lakini huwezi kuchezea klabu ya nje bila cheti cha uhamisho cha kimataifa, na shirikisho lako la nyumbani lazima likubali. Kwa hivyo mtu akikuandikia usiku ati ako na timu Ulaya na anataka elfu thelathini ya fomu, huyo ni mwizi, mzuie kwa simu. Ajenti wa kweli analipwa ukishapata mkataba, na mkataba uonyeshe nyumba, bima na tikiti ya kurudi.

Timu ya taifa haiombwi, unaitwa. Malkia wamechukua ubingwa wa Afrika mara nyingi, 2023 wakabeba wa kumi kule Yaoundé, na Olimpiki wameenda 2000, 2004, Tokyo na Paris. Paris tulipangwa na Brazil, Poland na Japan na tukapigwa zote tatu. Nilitazama na wasichana wangu na simu moja tukiwa kumi na wawili, na kilichotuumiza zaidi ilikuwa sevu zao, yaani mipira yao ya kuanzisha, mapokezi yetu yanatoka pembeni, seta anakimbia, mshambuliaji anapata mpira mbaya mbele ya bloku, watu wawili wameruka kumzuia. Ukuta na chaki, ndio nawaambia.

Ligi ikiletwa viwanja vya Nyayo ama Kasarani, mpeleke msichana wako. Mkae nyuma ya mstari wa mwisho, sio katikati kwenye kelele, na mwambie asifuate mpira hata kidogo, aangalie miguu ya libero ile sekunde kabla sevu haijapigwa.