Weka kufuli kwa saiti yako, haulipi kitu

Kwanza elewa hii: mtu akiandika jina la saiti yako yenye haina kufuli, brauza inatafuta IP yake (namba ya anwani ya seva) kwa DNS, ile daftari ya majina ya mtandao, halafu inabisha seva yako kwa poti 80, yaani mlango wa kawaida wa saiti, Nginx, programu ya kutoa saiti kwa seva, inasoma ombi, inaangalia ni jina gani limeitishwa ndio ijue itoe faili za folda gani. Shida ni poti 80 haina siri, mtu mwenye anasikiliza Wi-Fi ya mkahawa hapo Moi Avenue anaweza soma paswadi ya mteja wako herufi kwa herufi, na hiyo inaniuma sana.

Dawa ni HTTPS, hiyo ndio kufuli: mazungumzo yanafichwa kupitia poti 443, na seva inahitaji cheti cha kuithibitisha. Sasa hakikisha jina linaelekea IP ya seva, fungua poti 80 na 443 kwa fayawoli (ukuta wa ulinzi wa seva), na usifunge 80 juu Let's Encrypt, shirika lenye linatoa vyeti bure, inaipitia kuthibitisha saiti ni yako. Weka Certbot, programu ya kuitisha hicho cheti, na plagini yake ya Nginx, kisha:

sudo certbot --nginx -d jinalako.co.ke

Ikikuuliza imeili, weka. Cheti kwa kawaida ni cha siku 90, kinafaa kujirenew chenyewe lakini usiamini tu, jaribu:

sudo certbot renew --dry-run

Mimi sikujaribu, cheti kikaisha, mteja wangu wa Gikomba akanipigia alfajiri wanunuzi wanaona onyo la hatari badala ya viatu.