Jinsi ya kuelewa sheria tatu za Newton ukiwa na chupa ya maji, mkokoteni na nauli ya matatu

Jioni huwa nasaidia watoto wa ploti yetu na fiziksi, na kila mwaka naona kitu kimoja: mtoto anakariri F = ma (fosi ni masi mara mchapuko) kama sala, lakini ukimuuliza kwa nini abiria hurushwa mbele dere akikanyaga breki anakujibu "kuna nguvu imemsukuma". Hakuna. Hapo ndipo kila kitu huharibikia, kwa hivyo usianze na fomula, anza na mwili wako.

Maneno kwanza, haraka. Fosi vitabu vya Kiswahili huita kani, masi ni tungamo, na vile kasi inabadilika kila sekunde ni mchapuko. Isaac Newton alichapisha sheria zake mwaka wa 1687, kwa Kilatini, huko Uingereza, lakini za kujaribu ziko hapa Jogoo Road, Nairobi.

Ya kwanza. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, acha hewa kidogo tu ndani, funga kabisa, ilaze mapajani kifuniko kikiangalia mbele na kipovu cha hewa kikae katikati. Sasa tulia uangalie. Matatu ikitoka stejini kipovu kinakimbia mbele, si nyuma, na watoto wote hushtuka hapo, kumbe ni maji ndiyo mazito, yanabaki nyuma na hewa inasukumiwa mbele. Breki zikishikwa maji yanaendelea na safari yao, kipovu kinarudi nyuma. Lakini mimi huwaambia wangoje ile ya katikati, Thika Road bila jam, barabara tambarare, gari imetulia na kilomita 80 kwa saa: kipovu kinarudi katikati na kukaa kimya kama chupa iko kwa meza nyumbani. Mnaenda mita 22 kila sekunde na maji hayajui! Kitu kikienda mwendo uleule kwa mstari ulionyooka, fosi zinazokigusa zimefutana, jumla ni sifuri. Injini inaunguruma kwa sababu upepo na msuguano vinavuta gari nyuma, inalipa tu hilo deni. Na yule abiria wa breki hajasukumwa na mtu, mwili wake unaendelea kama ulivyokuwa, gari ndiyo imesimama.

Ya pili ni ile ya kupiga hesabu, na hapa tafuta mkokoteni. Tuseme mtupu ni kilo 100 na ukitoa msuguano umebaki na fosi ya newtoni 50 ya kuusukuma, gawanya 50 kwa 100, mchapuko ni 0.5, yaani kila sekunde kasi inaongezeka nusu mita kwa sekunde. Ukianza umesimama, baada ya sekunde 4 kasi ni mita 2 kwa sekunde, wastani wa safari ni 1, kwa hivyo utakuwa umesogea mita 4. Sasa pakia mitungi kumi ya maji ya lita 20, hizo ni kilo 200 zaidi, jumla 300, na fosi ibaki ileile 50. Mchapuko unashuka hadi kama 0.17 na kwa zile sekunde 4 umesogea mita 1.3 pekee. Waambie watoto wahesabu wenyewe kabla hujawaonyesha, wasikimbilie kikokotoo.

Halafu rudi kwa matatu, maana hii ndiyo hesabu ningependa kila mtu Nairobi aifanye mara moja maishani. Mtu wa kilo 70 kwa kasi ya kilomita 80, dere akisimamisha gari polepole kwa sekunde 5 huyo mtu anahitaji fosi ya kama newtoni 310 kumsimamisha, kiti na miguu vinatosha. Gari ikigonga na yeye asimame kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, ni zaidi ya newtoni 15,000, kama kubebeshwa tani moja na nusu kifuani. Hakuna mikono ya binadamu inashikilia hiyo. Sheria za 2004 za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoleta mikanda na vidhibiti mwendo kwa matatu watu walilalamika sana, lakini hesabu ndiyo hii. Funga mkanda, hata kama unashukia stage inayofuata.

Ya tatu ndiyo inafelisha wengi kwa mtihani. Ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa fosi sawa, upande wa kinyume. Mtoto mwerevu atauliza: kama mkokoteni unanivuta nyuma sawasawa na ninavyouvuta, tutasonga aje? Mpongeze, halafu mpe kalamu. Achore vitu viwili mbalimbali, mkokoteni peke yake na mvutaji peke yake, na kwa kila kimoja achore tu mishale ya vitu vinavyokigusa hicho, pamoja na uzito wake. Ile jozi haiwezi kufutana kwa sababu mshale mmoja uko kwa mkokoteni na mwingine kwa mtu.

Mkokoteni unavutwa mbele na mtu, msuguano wa magurudumu ni mdogo kuliko huo mvuto, unasonga. Na mtu je? Yeye anasukumwa na ardhi. Nenda soko la Gikomba siku imenyesha uangalie miguu ya mvutaji akiwa na mzigo wa mitumba: anainama mbele, anakanyaga ardhi kuelekea nyuma, nayo ardhi inamrudishia kuelekea mbele. Akifika kwa matope mguu unateleza, ardhi haiwezi kumrudishia chochote cha maana, na mzigo unakwama hapo hapo hata kama misuli ni ileile. Ndiyo maana utaona mwenzake akitupa kipande cha katoni chini ya viatu vyake. Sasa mwambie mtoto achore tena ile picha, na huo mshale wa ardhi uwe chini kabisa, kwenye soli ya kiatu.