Matundu ya slabu na ya ukuta kwenye jengo la ghorofa: jinsi ya kuyaziba

Tundu lililo wazi angalau linaonekana. Baya zaidi ni lililofunikwa kwa plaiwudi isiyopigiliwa. Saidia fundi anaona ubao mzuri umelala sakafuni, anauinua mbele ya kifua, anapiga hatua, na ubao huohuo unamziba macho asione anapokanyaga.

Anza kabla ya kumwaga zege. Kwenye matundu madogo ya mabomba, mhandisi akiridhia, pitisha nondo za slabu (sakafu ya zege) moja kwa moja juu ya tundu na uweke fomu kuzuia zege lisiingie. Zikatwe siku fundi bomba anapoanza kazi. Wavu huo wa nondo, ukiwa wa sm 15 kwa 15, unamzuia mtu asitumbukie, ila mguu unapita, na nyundo pia, kwa hiyo mfuniko bado unahitajika.

Mfuniko ubebe mara mbili ya uzito utakaopita juu yake. Mtu wa kilo 70 na toroli la zege la kilo 120 ni 190. Piga hesabu ya 380. Kwa tundu lisilozidi sm 60, tumia plaiwudi ya mm 18 inayopita ukingo kwa sm 30 kila upande. Chini yake pigilia vipande vya mbao vinavyoingia tunduni na kubana, usiteleze, kisha ufunge kwenye slabu kwa misumari ya zege. Andika kwa rangi nyekundu: SHIMO, USITOE. Bati na jipsamu si mfuniko. Baada ya mvua kagua: plaiwudi iliyoanza kuachana tabaka itupwe.

Tundu la ngazi na la lifti linataka uzio. Kanuni za ujenzi za Marekani zinatoa vipimo vinavyofaa kufuatwa: reli ya juu sm 107 kutoka sakafuni, ya kati nusu ya hapo, ubao wa chini usiopungua sm 9 ili matofali yasimwangukie aliye chini. Nguzo za mbao za inchi 2 kwa 4 zisiachane zaidi ya mita 2.4. Reli ya juu istahimili msukumo wa takriban kilo 90. Utepe wa rangi haustahimili hata kiwiko.

Ukutani, angalia mlango wa lifti, wa baraza ambalo halijajengwa, na dirisha ambalo kizingiti chake hakifiki mita moja. Penye kupokelea mizigo ya winchi reli hulazimika kutolewa, na hapo ndipo mkanda wa mwili mzima unapotakiwa, umefungwa kwenye nguzo ya zege, kamwe si kwenye reli. Urefu wa kamba ya mkanda huo una hila yake: ya mita 1.8 yenye kipunguza mshtuko huhitaji zaidi ya mita 5 za nafasi chini yako, wakati ghorofa moja ni kama mita 3. Utagonga slabu ya chini kabla kamba haijakushika. Tumia kamba fupi isiyokufikisha ukingoni kabisa.

Kutoa mfuniko kuna mpangilio: uzio kwanza kuzunguka tundu, anayefungua awe amejifunga, ndipo misumari ing'olewe. Fundi bomba akienda kunywa chai, mfuniko unarudi na misumari yake.