Mnaoenda fildi Ujerumani, mbaneni mwenye nyumba kwanza
Wadau wa Mbeya mnaojiandaa kwenda fildi Ujerumani, kabla hujapanda ndege mbane mwenye nyumba akuahidi ile karatasi ya kuthibitisha unakaa kwake, wenyewe wanaiita Wohnungsgeberbestätigung, maana ukishahamia sheria inakupa wiki 2 tu ukajiandikishe ofisi ya mji, na bila hiyo karatasi hawakuandikishi, na usipoandikishwa namba ya kodi inachelewa kuja wakati bosi wa fildi anaitaka ili akulipe posho. Miadi ya hiyo ofisi omba mtandaoni mapema, hasa kama unaenda Berlin, nafasi zinaisha kama mkaa wa masika.

Mengine utazoea tu. Jumapili maduka karibu yote yanafungwa, hakuna cha Mangi wa mtaani, kwa hiyo mchele na mayai nunua Jumamosi. Chupa za plastiki za maji na soda usitupe, nyingi zina amana ya senti 25, unazirudisha kwenye mashine supamaketi inakupa risiti unalipia nayo. Na koti zito chukua mtumba hapohapo Mwanjelwa, kule madukani bei haishikiki (hata kama we ni wa Kitulo usijidai baridi umeizoea).