Kabla ya kurekebisha kosa la aina ya data ya mtumiaji

Programu ya Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu za simu, ikigoma kusoma taarifa za mtumiaji, mkono hukimbilia kubandika alama ya mshangao (`!`) au neno `as`, linalolazimisha aina ya data, popote palipopigiwa mstari mwekundu. Soma ujumbe wa kosa kwanza, mpaka mwisho. Ukikuta `type 'int' is not a subtype of type 'double'`, umeshaambiwa karibu kila kitu: imekuja namba kamili, msimbo ukisubiri desimali.

Angalia pia kosa limejitokeza lini. Likija ungali unaandika, anayelalamika ni kompaila, yaani kitafsiri cha msimbo, na huenda data haina neno. Likija programu ikiwa imeshafunguka, nenda Firestore, hifadhidata ya mtandaoni ya Google, ukaitazame rekodi ya mtumiaji yule yule aliyekwama. Akaunti yako ya majaribio haitakusaidia, maana wewe ulijaza kila kitu. Chukua uzito: mmoja ana 70, mwingine 70.5. Wa kwanza anasomwa kama `int`, wa pili `double`, kwa hiyo `as double` inampitisha mmoja na kumwangusha mwenzake. Ukiandika `(data['uzito'] as num).toDouble()`, wote wanapita. Na usiridhike na jaribio la kwenye kivinjari. Huko Dart, lugha ya Flutter, hugeuzwa kuwa JavaScript, ambayo haitofautishi namba hizo, na kosa litakungoja kwenye simu.

Kagua umri wa mafunzo unayoyafuata. Dart 2.12 ya Machi 2021 ndiyo iliyoleta ulinzi dhidi ya thamani tupu, na sasa `currentUser`, yaani mtumiaji aliyeingia, ni `User?` yenye alama ya kuonyesha inaweza kuwa tupu (`null`), kwa kuwa huenda hakuna aliyeingia. Mafunzo yanayotaja `FirebaseUser` ni ya zamani zaidi. Tafuta mengine tu.

Ile alama ya mshangao ni kiapo unachoilia kompaila kwamba thamani ipo. Isipokuwepo, programu inaanguka mkononi mwa mtumiaji. Binafsi naikubali pale tu ukaguzi ulipofanyika mistari michache juu yake, na hata hapo mara nyingi haihitajiki: weka `currentUser` kwenye kigeu cha ndani, uliza kama ni `null`, na kuanzia hapo kompaila inakielewa chenyewe.

Kuhusu `data()`, inayosoma rekodi ya Firestore na kurudisha `Object?`, hakikisha `exists` ni kweli, yaani rekodi ipo, ndipo uigeuze kuwa `Map<String, dynamic>`. Tarehe za Firestore huja kama `Timestamp`, zinataka `toDate()`. Namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi. Ukiifanya namba, sifuri ya mwanzo inapotea na hakuna ubadilishaji wa aina utakaoirudisha.

Mabadiliko yote haya yakae ndani ya `fromMap` moja, kitendakazi cha kugeuza data kuwa mtumiaji, yasitawanyike kwenye kurasa. Kisha ijaribu kwa rekodi iliyojaa na kwa nyingine isiyo na chochote zaidi ya barua pepe.